Anaposalimia mashine anajua fika ni mashine

Naomba tumalizane na hili. Kila nikikaa kikao na watu wa saccos au kampuni za utalii hapa Arusha, hakosi mmoja wa kucheka: "Kuna mama kaiamkia chatboti, maskini kadhani kuna mtu." Hakudhani. Kazi yangu ni kuandika maneno yanayosemwa na hizo chatboti (programu zinazojibu ujumbe wa wateja) na sauti za simu, na mazungumzo ya wateja nayasoma (majina yakiwa yamefutwa, msianze). Mama huyohuyo mstari unaofuata anaandika: "Haya we mashine, nipe salio langu."

Wala si suala la shule. Miaka ya 1990 pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtafiti Clifford Nass na wenzake waliwapa wanafunzi waliozoea kompyuta somo la kusoma kwenye kompyuta, kisha wakawauliza limefundishwaje. Walioulizwa na kompyuta ileile waliisifu kuliko walioulizwa na nyingine. Wakakana kwamba waliionea haya. Na Weizenbaum wa chuo cha MIT, aliyetoa ELIZA, programu ya mwanzo ya kuchati, mwaka 1966, alikuwa na katibu aliyemwona miezi mingi akiitengeneza. Katibu huyo alipoanza kuchati nayo alimwomba bosi wake atoke chumbani.

Kinachonikera hasa ni salamu kuonekana kitu kidogo. Mzee wa Ngaramtoni anapiga simu. Mashine: "Karibu, kwa salio bonyeza moja." Kimya. Mnaandika kwenye ripoti "mteja hakuelewa maelekezo". Kaelewa vizuri, anasubiri kuamkiwa! Sauti tuliyoweka ni ya binti, na binti gani anamrukia mzee na habari za salio? Mashine haina umri lakini sauti yake inao. Basi weka shikamoo mwanzoni, mtasema. Haya, kijana wa kidato cha nne akipiga ataweka spika wenzake wasikie, wacheke, akate. Mimi huanza na "Habari za leo". Mzee haimtoshi, ila angalau hanuni.

Na mteja akiiamkia mashine? Naandika "Marahaba", kisha swali. Meneja mmoja aliniambia ni kufuru mashine kuamkiwa. Sasa ulitaka ijibu "Samahani, sijaelewa, chagua 1 au 2"? Hiyo ndiyo inayoleta matusi, na matusi nayo ni ya kijamii vilevile: mtu anaiambia "huna adabu", haiambii "una hitilafu".

Nikiri kinachonisumbua. Mwaka 2023 jaribio la akina Nass lilirudiwa kwa kompyuta za mezani, na ile haya haikuonekana. Huenda watu huwa na adabu kwa kifaa kikiwa kigeni, kikizoeleka inakwisha. Au huku kwetu ni mdomo tu umezoea, hauwezi kuomba kitu bila salamu, hata mbele ya ukuta. Kwa mazungumzo ninayosoma siwezi kutofautisha haya mawili, na anayedai anaweza anawauzia kitu.

Ila acheni kuhesabu salamu kwenye fungu la "ujumbe usioeleweka". Zitengeeni jibu lake, fupi, papo hapo, ndipo muulize shida.