Ndege Iliyolala Ndiyo Inayoliwa na Kutu

Siku hizi sisi wakaguzi wa ndege tunaletewa malalamiko ya aina mbili. Abiria wanauliza iweje safari ya kwenda mbuga ya Kidepo, Uganda, iahirishwe "kwa kutu tu". Wenye ndege nao wanauliza kwa nini injini iliyoruka saa chache ifunguliwe kukaguliwa kutu. Hili la pili, kusema kweli, linatuchosha.

Saa chache si sifa. Injini ya pistoni isiporuka, oili hujichuja taratibu kuelekea chini, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na kuta za silinda zikabaki tupu. Wala kutu haingoji chumvi ya bahari. Nenda viwanja vya ndege vya Entebbe au Kajjansi alfajiri, Ziwa Victoria liko pale pale: mabawa yanadondoka umande. Mwenye ndege mmoja tulimkuta akizungusha propela kwa mkono, zoezi lake la kila Jumapili, "injini isije ikashikana". Lycoming, wanaoziunda injini hizo, wanaonya juu ya jambo hilohilo, maana linafuta utando wa oili uliosalia. Kuiwasha dakika tano ikiwa chini pia hakufai. Oili haipati moto wa kufukuza maji, na mwako wenyewe unaongeza mengine. Ama iruke, ama ihifadhiwe kwa oili maalumu kama mwongozo unavyoelekeza.

Msidhani haya ni ya vindege vidogo. Julai 2020 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la dharura kwa ndege za Boeing 737 zilizoegeshwa siku 7 au zaidi. Valvu za hewa za injini zilikuwa zikikwama kwa kutu, na taarifa nne za injini moja kuzimika angani zilikwisha kufika. Kilichohofiwa ni injini zote mbili kuzimika pamoja.

Sasa utaratibu. Agizo la ukaguzi kama hilo hutoka nchi iliyobuni injini: Lycoming ni Marekani, PT6A, injini ya turbini, ni Kanada. Ndege ikiwa na alama ya 5X, imesajiliwa Uganda, na agizo hilo linaifuata hapa. Fundi mwenye leseni ataandika katika kitabu cha injini namba ya agizo, tarehe, saa za injini, sehemu aliyokagua, njia aliyotumia, alichokikuta na, kama ukaguzi ni wa kurudiwa, lini tena. Kisha sahihi na namba ya leseni. "Imekaguliwa, iko sawa" hatuipokei. Muda wa agizo ukipita bila ukaguzi, ndege hairuhusiwi kuruka hata kama cheti chake cha kufaa kuruka kimo ndani na tarehe haijaisha. Kuipeleka karakana kunaombewa kibali cha safari hiyo moja, bila abiria. Anayeruka hivyo hivyo anahatarisha leseni yake, na asishangae kampuni ya bima ikigoma kulipa.

Nanyi abiria, mkiambiwa ndege inakaguliwa, tafadhali msimzonge meneja wa uwanja. Hana ruhusa ya kufunga injini ya mtu iliyofunguliwa.