Kuanza dawa za umakini ukubwani: miraa usinifiche, presha tuipime, na haraka tuiache

Watu wazima wengi wanaokuja kuulizia habari za ADHD, yaani ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kukaza umakini na kutulia, kliniki huku Malindi hawana shida mpya, wana shida ya tangu utotoni ambayo haijawahi kupewa jina. Ni fundi anayeanza kazi tano na hamalizi hata moja mpaka wateja wanamkimbia, ni mama aliyetoka mara moja tu kuanua nguo akajikuta kwa jirani na wali unaungua jikoni, ni mwalimu anayesahihisha madaftari saa nane za usiku manake mchana kutwa kichwa kimekataa kutulia. Wameitwa wavivu, wameitwa wajinga, wengine wamepelekwa kusomewa. Mimi dua siipingi hata kidogo, dua na dawa zinakwenda pamoja, lakini kumwita mtu mvivu maisha yake yote kwa kitu ambacho ubongo wake ndo umeumbwa nacho, hiyo inaumiza na si haki.

Wanawake ndo wanaachwa nyuma zaidi. Mtoto wa kiume anayeruka madawati kila mtu anamuona, lakini msichana aliyekaa kimya nyuma ya darasa akili iko mbali, yule anaonekana mpole tu, basi anakua hivohivo mpaka anaolewa na nyumba inamlemea ndo anaanza kujiuliza.

Sasa dawa. Inayojulikana zaidi ni methilfenideti, wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, na kuna nyengine za jamii ya amfetamini. Sio dawa mpya wanayotujaribia sisi, methilfenideti ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na ikaanza kuuzwa 1954. Kwenye ubongo kuna dopamini na noradrenalini, hizo seli zinazitumia kupelekeana habari, na hii dawa inazuia zisirudishwe haraka zilikotoka, kwa hiyo ile sehemu ya mbele ya kichwa inayopanga, inayosubiri na inayomaliza kazi inapata nguvu. Ndo maana mtu mwenye ADHD anameza dawa ya kuchangamsha halafu anatulia, na watu wanashangaa. Halafu inafanya kazi siku hiyohiyo, si kama dawa za sonona ambazo unangoja wiki kadhaa. Kidonge kifupi, yaani cha kazi ya muda mfupi, kinashika ndani ya saa moja hivi na kinaisha baada ya saa tatu au nne, kile kirefu, cha kuachia dawa taratibu, kinaenda kwa saa nane mpaka kumi na mbili.

Hapo ndo tunafika kwa miraa, na hapa naomba tukae kidogo manake huku pwani huwezi kuongea dawa hizi ukairuka. Miraa na muguka, ambayo ni aina ya miraa ya kutafunwa majani, zina kathinoni ndani yake, ambayo ni ndugu wa karibu wa amfetamini, nayo inasukuma dopamini hiyohiyo. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kupiga marufuku muguka, ikawa kelele mpaka mahakamani, mabishano hayo siyaingilii leo, mimi naongea ya kliniki. Kuna mtu atakwambia bila kuficha, daktari mimi hesabu za duka siwezi kufanya mpaka niwe na veve, yaani miraa, mdomoni. Wengine katika hao kweli wana ADHD na wamekuwa wakijitibu wenyewe miaka bila kujua, ila wanajitibu na kitu ambacho hakuna anayejua kipimo chake, leo kikali kesho kimekauka, kinawanyima usingizi, asubuhi kichwa ni kibaya kuliko jana kwa hiyo wanatafuna tena. Na wengine hawana ADHD kabisa, wana usingizi wa saa tatu na miraa ya saa sita, umakini utatoka wapi?

Kutofautisha hawa wawili kunataka muda. Tunamuomba mtu apumzishe miraa wiki kadhaa, alale vizuri, halafu tunarudi nyuma kwenye utoto. Baadhi ya dalili lazima ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, zionekane zaidi ya mahali pamoja, nyumbani na kazini kwa mfano, zidumu miezi sita au zaidi, na kwa mtu mzima ziwe angalau tano za kukosa umakini au tano za kutotulia, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Ndo maana tunakwambia uje na mama yako au dada mkubwa, au zile ripoti za shule kama bado ziko kabatini. Sonona, tezi ya shingo, upungufu wa damu, bangi, msiba ambao haujapoa, vyote hivyo vinaweza kumfanya mtu asahau na asitulie, kwa hiyo anayekupa dawa baada ya dakika kumi za maongezi huyo mimi simuamini.

Kuchanganya je? Hapana. Miraa au muguka juu ya methilfenideti ni mzigo mara mbili kwa moyo huohuo, mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, usingizi unakata, na kuna wanaoanza kusikia sauti au kuona kila mtu anawafuata. Kwa hiyo ukiulizwa unatafuna, sema. Unatafuna kiasi gani, sema. Hakuna anayekuitia polisi wala kukusema kwa shekhe, tunauliza manake jibu lako linabadilisha dawa tutakayokupa. Mtu aliyewahi kuchanganyikiwa akili, kwa miraa ama bila miraa, tunakuwa waangalifu sana naye, na kuna dawa nyengine isiyo ya kuchangamsha inaitwa atomoksetini ambayo inafaa kwa baadhi ya watu, ila hiyo inataka subira ya wiki nne mpaka sita au zaidi.

Kabla ya kidonge cha kwanza tunapima presha, mapigo ya moyo na uzito. Tunauliza kama kuna mtu kwenye familia alianguka ghafla akafa akiwa kijana, kama wewe una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, kama una mimba au unanyonyesha. Presha iliyopanda na haijatulizwa, hiyo tunaishughulikia kwanza, dawa ya umakini itangoja.

Tunaanza na kidogo, mara nyingi miligramu 5 mara mbili kwa siku, halafu tunapandisha wiki kwa wiki tukiangalia. Usijipandishie mwenyewe kwa sababu siku ya tatu hujaona kitu. Meza baada ya chai ya asubuhi, manake njaa inapotea na ukianza siku tumbo tupu utafika jioni hujala chochote, na kile kidonge kifupi cha mwisho usikimeze baada ya saa nane mchana kama unataka kulala. Mdomo kukauka, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio kidogo, hayo hutokea mwanzoni na kwa wengi yanapungua. Jioni dawa ikiisha unaweza kuwa na hasira za karibu, waambie watu wa nyumbani wajue. Kahawa tungu za barazani pia punguza, angalau mwezi huo wa kwanza. Lakini kifua kikikubana, ukizimia, ukianza kusikia sauti au mawazo ya kujidhuru, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Ramadhani nayo inaulizwa sana na ni swali zuri. Vidonge vifupi vya mara mbili kwa siku havikai na saumu, kwa hiyo njoo wiki kadhaa kabla ya mwezi tuone kama kile kirefu kinakufaa, unakimeza na daku na kinakufikisha mchana mpaka alasiri. Maji kunywa ya kutosha usiku, na futari ule hata kama hamu haipo. Mwenye presha au uzito unaoshuka tutaongea zaidi kabla hajafunga.

Usimpe mtu kidonge chako, hata mtoto wa ndugu yako mwenye mtihani. Hizi ni dawa zinazodhibitiwa na sheria, hazinunuliwi bila cheti cha daktari, na kwake zinaweza kuwa hatari wakati kwako ni tiba. Ziweke mbali na watoto.

Presha tutaipima tena kila tukipandisha dozi, halafu kila miezi sita. Na ndugu zetu wa Lamu, Faza na Kizingitini mnaopanda boti mpaka Mokowe halafu basi, hesabuni vidonge vilivyobaki mapema na pigeni simu kuulizia kama dawa ipo kabla hamjatoka nyumbani, manake saa zingine inabidi iagizwe, na mkisafiri nayo iacheni kwenye paketi yake na cheti kiwe pamoja nayo.