Kurefusha jedwali lenye jozi za safuwima: dhana potofu na ukweli

Tuchukue faili la Excel la karani wa chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho mkoani Mtwara. Kila mkulima ana mstari mmoja. Baada ya namba ya uanachama na jina zinafuata jozi: Tarehe1, Kilo1, Tarehe2, Kilo2, hadi Tarehe6, Kilo6. Siku meneja atakapotaka kujua kilo zilizopokelewa wiki ya pili ya Novemba, jibu litakuwa limetawanyika katika safuwima 12. Inabidi jedwali lirefushwe, kila mzigo uwe na mstari wake: mkulima, mzigo wa ngapi, tarehe, kilo.

Dhana: Transpose inatosha.
Haitoshi. Transpose hubadilishana mistari na safuwima tu. Wakulima 300 watakuwa safuwima 300, na tarehe zitabaki zimetawanyika vilevile.

Dhana: Refusha tarehe kwanza, kisha urefushe kilo.
Hii ndiyo inayoharibu hesabu za watu wengi, kwa sababu haitoi onyo lolote. Ukirefusha tarehe, mkulima mwenye mizigo sita anapata mistari sita, lakini kila mstari bado umebeba safuwima zote sita za kilo. Ukirefusha na kilo, kila mmoja wa mistari hiyo unazaa sita: jumla 36. Tarehe ya mzigo wa kwanza inakaa kando ya kilo za mzigo wa tano. Mkulima aliyeleta kilo 480 anaonekana ameleta 2,880, na jedwali lenyewe linapendeza kwa macho.

Wapo wanaorekebisha kwa kuchuja, wakibakiza mistari ambayo namba ya tarehe inalingana na namba ya kilo. Jibu linatoka sahihi, ila kwa wakulima 2,000 wenye mizigo sita kila mmoja umetengeneza mistari 72,000 ili ubaki na 12,000.

Njia iliyonyooka ni kurefusha zote kwa pamoja. Kwenye Power Query, zana ya kuleta na kupanga data ambayo imo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, chagua safuwima za namba ya uanachama na jina, kisha Unpivot Other Columns. Zile safuwima 12 zinakuwa mbili: moja ya vichwa vya zamani, nyingine ya thamani zake. Gawanya vichwa pale herufi zinapokutana na tarakimu, upate Tarehe au Kilo upande mmoja na 1 hadi 6 upande wa pili. Halafu chagua ile safuwima ya Tarehe na Kilo, uifanyie Pivot (yaani maneno yake yawe vichwa vya safuwima tena) kwa kutumia safuwima ya thamani, na katika machaguo ya ziada uweke Don't Aggregate (usijumlishe). Kila tarehe inarudi kwa kilo zake.

Dhana: Namba ya mzigo haina kazi, ifutwe mapema.
Namba hiyo ndiyo kitu pekee kinachoifunga tarehe kwa kilo zake. Ukiifuta kabla ya Pivot, tarehe sita zinagombea seli moja na Power Query inatoa kosa. Kosa hilohilo hutokea mkulima akiwa na mistari miwili yenye namba na jina lilelile. Dawa yake ni kuongeza safuwima ya namba za mfululizo mwanzoni kabisa. Usilikwepe kosa kwa kuchagua Maximum badala ya Don't Aggregate. Utabaki na tarehe ya mwisho kando ya kilo nyingi kuliko zote, hata kama si za mzigo mmoja.

Angalia pia vichwa vinavyojirudia. Ukiandika Tarehe, Kilo, Tarehe, Kilo, Excel ikitengeneza jedwali huongeza namba kuanzia jozi ya pili. Ya kwanza inabaki bila namba, hivyo ipe 1 kwa mkono wako.

Dhana: Seli tupu haziguswi.
Power Query hutupa seli tupu wakati wa kurefusha. Tarehe ikiwapo na kilo hazijaandikwa, mzigo unabaki, kilo zikiwa wazi. Hilo ni jema. Ila mkulima ambaye hajaleta chochote anatoweka kabisa, na ukiulizwa nani hajaleta mzigo hutakuwa na majina. Orodha ya wakulima iwe jedwali la peke yake. Kwa wanaotumia zana nyingine: UNPIVOT ya hifadhidata ya SQL Server nayo huzitupa seli tupu, lakini melt ya pandas (maktaba ya Python) na pivot_longer ya R (lugha ya takwimu) huziacha mpaka uamue vingine.

Dhana: Geuza kila kitu kiwe maandishi kwanza, maana tarehe na namba hazikai pamoja.
Katika Power Query zinakaa. Ukigeuza, 03/11/2024 yaweza baadaye kusomwa kama Machi 11 kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Marekani. Panga aina za data baada ya Pivot. Kwa watumiaji wa R kazi ni nyepesi zaidi: pivot_longer, iliyokuja na kifurushi cha tidyr 1.0.0 mwaka 2019, ukiipa .value hurefusha jozi zote kwa hatua moja na kila safuwima inabaki na aina yake.

Dhana: Karani ndiye aliyekosea, abadilishe faili lake.
Hapana, na ni uonevu kumlaumu. Pale mizani, jedwali pana linamwonyesha mkulima na mizigo yake yote kwa mstari mmoja. Mwache nalo, faili lako lisome la kwake, na kila akiongeza mizigo ubonyeze Refresh. Akiongeza Tarehe7 na Kilo7, Unpivot Other Columns itazichukua, lakini Unpivot Only Selected Columns itaziruka. Akiongeza safuwima ya simu, iingize kwenye zile zisizorefushwa, la sivyo namba za simu zitajitokeza kama mizigo isiyo na tarehe wala kilo.