Sukuma: upande wa dunia kabla ya kuwa kabila

Ukitafuta "sukuma" kwenye kamusi ya Kiswahili utakuta kitenzi: sukuma mlango, sukuma gari. Hapo ndipo vichekesho vilipozaliwa. Hapa Mwanza kila mgeni wa pwani anakuja na chake: Wasukuma waliitwa hivyo kwa sababu ya kusukuma ng'ombe, au mikokoteni, na wapo wanaoichomeka hadi sukumawiki ya jikoni. Ni utani mtupu, tucheke tuendelee. Sukuma ya Kisukuma ni neno jingine kabisa. Maana yake ni kaskazini.

Lina wenzake watatu. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi (hiyo ng' isome kama ya ng'ombe). Wasukuma na Wanyamwezi wanayatumia kwa pamoja, kwa kuwa lugha zao ni ndugu wa karibu. Ukiweka kiambishi ba-, ambacho kwa Kiswahili ni wa-, upande unageuka watu: Basukuma ni watu wa kaskazini, Badakama ni watu wa kusini. Ukiweka bu- unapata nchi yao, Busukuma.

Sasa, kaskazini ya nani? Mtu akiwa kwake hajiiti wa kaskazini. Jina hilo lilitoka kwa majirani waliokuwa kusini, Wanyamwezi wa upande wa Tabora, walipowataja wenzao wa kuelekea ziwani. Wa ziwani nao, wakigeuka kuwatazama Wanyamwezi, waliwaita Badakama. Mtu wa Shinyanga, aliye katikati, aliweza kuwa Msukuma akifika Tabora na Mdakama akifika Mwanza, ng'ombe wake wakiwa ni walewale. Yeye mwenyewe ukimuuliza angekutajia utemi wake, yaani nchi ya chifu wake: ni Mkwimba, ni Mnera, ni Mntuzu wa kule Bariadi.

Hata "Wanyamwezi", kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni jina la kupewa. Mwezi mwandamo huonekana magharibi jua likishazama, basi watu wa pwani wakawaita wa huko watu wa mwezi. Majirani wawili, na kila mmoja anabeba jina alilopewa na mtu aliyesimama mahali pengine.

Wala Kiswahili chenyewe kisijione tofauti. Ndani ya "kaskazini" mna kaskazi, upepo unaovuma pwani kuanzia Desemba hadi Machi, na ndani ya "kusini" mna kusi. Mwenye jahazi aliigawa dunia kwa pepo zake.

Kilichobadilisha mambo ni ukoloni. Serikali ilitaka makabila yanayoandikika, yenye mipaka na viongozi wa kuitwa kwenye kikao. Mwaka 1946, chini ya Waingereza, watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho moja, makao yake yakiwa Malya, Kwimba. Neno la kuelekezana njia likawa la kujitambulisha. Leo Msukuma ni Msukuma popote: amehamia Rukwa na Mbeya na mifugo yake, mtu wa kaskazini anachunga kusini kabisa, na hakuna anayeliona hilo kuwa kichekesho. Mimi nakiona kitamu kuliko kile cha mikokoteni.

Matumizi ya zamani hayajafutika, lakini. Lahaja za Kisukuma bado zinatajwa kwa pande: Jinakiya ni ya mashariki, Jinang'weli ya magharibi. Na wazee wa Unyamwezi bado wanalitumia neno kama lilivyokuwa. Niliwahi kupanda basi Nzega, mkoani Tabora, nikakaa na mzee mmoja. Simu ikaita, mjukuu anauliza babu amefika wapi. "Ndiyo kwanza tunatoka Nzega," akasema, "naenda Busukuma." Tiketi yake iliandikwa Mwanza.

Kwetu sisi wa mjini neno hilo linagonga maji. Nikisimama Kirumba, hapa Mwanza, nikatazama kaskazini, mbele yangu ni ziwa, na ng'ambo yake ni Ukerewe, ambako wenyeji ni Wakerewe na lugha yao ni Kikerewe. Wa Tabora ana Msukuma wake. Mimi sina wa kumwita hivyo, labda sangara.