Mbu jike, watoto wake, na homa uliyotoka nayo bondeni: maswali na majibu

Kila msimu wa mpunga, zahanati za Nyanda za Juu Kusini hupokea mgonjwa yule yule. Alishuka Kyela, Usangu au Pawaga kulima, akarudi kwake milimani, homa ikamshika, akakaa nayo siku nne. Siku hizi anakuja na maswali pia, mengi yakiwa juu ya mbu "wa maabara" aliosikia habari zao redioni.

Dokta, anayeuma ni mbu yupi?
Jike peke yake. Mbu wa malaria, yaani anofelesi, wana jinsia kama sisi: jike ana kromosomu X mbili, dume ana X na Y, na mbegu ya dume ndiyo inayoamua mtoto atakuwa nani. Dume anaishi kwa maji matamu ya mimea. Jike naye huyanywa, lakini mayai yake hayakomai bila damu.

Wanapandana wapi?
Hewani, jua likizama. Madume hukusanyika na kurukaruka pamoja juu ya sehemu fulani ya wazi, jike anaingia, anakamatwa, yamekwisha. Kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu maishani. Dume wa anofelesi huacha kizibo ndani ya jike, na mbegu hutunzwa kwenye kifuko kidogo tumboni mwake. Kuanzia hapo hahitaji dume tena. Akinywa damu, baada ya siku mbili tatu anataga mayai 50 hadi 200. Akinywa tena, anataga tena. Mayai ni meusi, umbo la mtumbwi, yana vielea ubavuni, na hutagwa moja moja juu ya maji. Kwenye joto la bondeni, yai kuwa mbu mzima huchukua kama wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo jike mmoja aliyepenya chandarua kilichotoboka si jambo dogo.

Mbona dawa ya kupuliza haiwaui siku hizi?
Kwa sababu anayekosa kufa ndiye anayezaa. Katika kundi la mbu huwa kuna wachache wenye badiliko la jeni linalowafanya wavumilie dawa za jamii ya piretroidi: wengine mishipa yao ya fahamu haishikwi na dawa, wengine mwili wao unaisaga kabla haijawaua. Wenzao wakifa, hao wanabaki kuzaana na watoto wanarithi. Anofelesi funestus, ambaye ndiye msambazaji mkubwa wa malaria hapa Tanzania, ni sugu hasa kwa njia hiyo ya kuisaga dawa.

Usitumie hilo kama kisingizio cha kuanikia usipa au kuzungushia bustani chandarua. Hata mbu sugu hapiti kwenye wavu mzima uliochomekwa chini ya godoro. Isitoshe, vipo vyandarua vyenye dawa mbili, na utafiti wa Misungwi mkoani Mwanza, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba vile vyenye piretroidi pamoja na dawa ya pili iitwayo klofenapiri vinawakinga watoto vizuri kuliko vya piretroidi peke yake. Kifue kwa sabuni ya kawaida, kianike kivulini.

Si wataalamu wanatengeneza mbu tasa? Tukisubiri, si watakwisha wenyewe?
Kazi hiyo ni ya kweli na ni nzuri. Kwa kawaida jeni iliyo kwenye kromosomu moja ya mzazi hupita kwa nusu ya watoto. Wataalamu wameunda jeni inayojinakili yenyewe ili ipite karibu kwa watoto wote. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London walilenga jeni iitwayo doublesex: jike akirithi nakala mbili zilizoharibiwa, hawezi kuuma wala kutaga, ila dume anabaki mzima na kuendelea kuieneza. Ndani ya vizimba vya maabara, kundi lote liliisha kwa vizazi 7 hadi 11.

Ndani ya vizimba. Mbu wenye jeni ya kujieneza namna hiyo hawajaachiwa porini. Jike atakayekuuma usiku huu Kyela ni mzima kabisa na ana mayai. Lala ndani ya chandarua.

Kwetu Makete ni baridi. Malaria itoke wapi?
Imetoka bondeni, imo kwenye damu yako. Baridi humzuia mbu, haikuzuii wewe. Ndani ya mbu, vimelea vya malaria, yaani vijidudu vinavyoleta ugonjwa, vinahitaji joto na siku kama 10 hadi 14 ili vikomae. Chini ya nyuzi 18 hivi karibu havikui kabisa. Ndani yako ni nyuzi 37 hata Makete kukiwa na jalidi. Ukishaumwa na mbu, dalili hutokea baada ya siku 7 hadi 14, pengine zaidi. Maana yake ulishafika nyumbani, ulishasahau shamba, ndipo unasema "ni baridi ya huku imenipiga". Na mtu aliyekulia milimani hana kinga ya watu wa bondeni, kwa hiyo inamwangusha haraka hata akiwa mtu mzima mwenye nguvu.

Nikimeza panadoli kwanza, nione kama ni mafua?
Hapana. Panadoli inashusha joto, vimelea vinaendelea kuongezeka. Umetoka bondeni, una homa: pima siku hiyo hiyo.

Siku mbili tu, Dokta?
Hata moja. Malaria kali inaweza kuua ndani ya saa 24 tangu hali ibadilike. Mgonjwa akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akipata degedege, akisinzia asiamke vizuri au akikojoa mkojo mweusi, ni hospitali sasa hivi, usiku au mchana, si kwa mganga.

Dukani wameniambia ni taifodi na UTI.
Wamekupima malaria? Pima malaria kwanza. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole na majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Mwambie mhudumu mwenyewe: "Nimetoka Kyela wiki iliyopita." Sentensi hiyo inasaidia sana, na wagonjwa wengi hawaitamki.

Nimepata nafuu kwa dawa ya mseto ya malaria (ALu) siku ya pili. Vidonge vilivyobaki nimwekee mtoto?
Usibakize hata kimoja. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vidonge 24: vinne mara moja, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Meza na chakula chenye mafuta, kama chai ya maziwa au parachichi. Bila mafuta dawa haifyonzwi vizuri. Ukitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Vimelea navyo vina jeni, na mkoani Kagera vimeshathibitishwa vyenye badiliko linalopunguza nguvu ya artemisinini, jamii ya dawa iliyomo kwenye mseto.

Nimemaliza dozi, homa haijaisha.
Rudi zahanati na pakiti tupu mkononi. Omba kipimo cha hadubini: kile cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.