Sare ya ngome na askari mmoja

Mchezo wa mwisho wa sataranji kumalizika ukumbini ulikuwa wa watoto wawili wa chini ya miaka 12, na uliisha sare. Baba wa mvulana ninayemfundisha, aliyeshika weupe, akanijia amenuna: "Mwalimu, amemzidi mwenzake askari mzima, inakuwaje hajashinda?" Nikamkaribisha kiti, nikapanga kete upya.

Weupe: mfalme d5, ngome a7, askari e5. Weusi: mfalme e8, ngome b6. Hizo tu. (Herufi ni safu ya wima, namba ni safu ya mlalo ikihesabiwa kutoka upande wa weupe.)

Tazama ngome nyeusi ilipo. Imetanda safu ya sita yote, kwa hiyo mfalme mweupe hawezi kukanyaga d6 wala e6. Msichana aliyeshika weusi hakuwa na haja ya kushambulia. Aliipeleka ngome g6, akairudisha b6, akaipeleka g6 tena, huku mfalme wake ametulia mbele ya askari. Alikuwa anasubiri jambo moja: askari asogee e6. Aliposogea, ngome ikashuka papo hapo hadi safu ya kwanza na kuanza kutoa cheki, yaani kumshambulia mfalme, kutoka nyuma. Mfalme mweupe akahangaika huku na huko bila kivuli, maana mraba wa e6, ambao ungekuwa kibanda chake, umekaliwa na askari wake mwenyewe.

Wengi ninaowafundisha hukosea hapo. Huanza cheki mapema, askari angali e5. Basi mfalme hupenya hadi e6, hujibanza mbele ya askari wake, na cheki za nyuma hazimfikii tena. Sare bado inawezekana, ila utetezi unakuwa mgumu mno kwa mtoto ambaye muda unamwishia.

Mfaransa Philidor, gwiji wa sataranji wa zamani, aliieleza mbinu hii mwaka 1777, na mpaka leo inaokoa nusu pointi, yaani alama ya sare. Nusu pointi si kitu kidogo! Mwaka 2002 huko Heraklion, Ugiriki, kwenye ubingwa wa dunia wa chini ya miaka 12, Mrusi Ian Nepomniachtchi na Mnorwe Magnus Carlsen walilingana pointi. Nepomniachtchi akatwaa ubingwa kwa vigezo vya kuvunja sare. Mmoja wao angeongeza nusu tu, vigezo hivyo visingehitajika.

Mvulana hakukosea kujaribu. Alibana hadi mwisho, na nilimpongeza mbele ya baba yake. Jumamosi tutaipanga tena hali hii, safari hii yeye akishika weusi.