Gyeongju: anza na makumbusho, malizia bwawani

Wageni wengi wakifika Gyeongju, mji wa Korea Kusini, hushuka stendi, huenda moja kwa moja kwenye vilima vya makaburi, hupiga picha, hununua boksi la mikate ya maharage mekundu, na jioni hurudi Busan wakiwa wameona nyasi. Na kweli, makaburi ya wafalme wa Silla kwa nje ni nyasi tupu. Kilichokuwa ndani yake kimewekwa makumbusho, kusini mashariki mwa mji. Ufalme huo, ambao kwa mapokeo ulianza mwaka 57 KK na kuanguka mwaka 935 BK, uliacha mali nyingi chini ya ardhi kuliko juu yake, kwa hiyo mpangilio wa safari ni muhimu kuliko orodha ya vivutio. Tenga siku mbili na ulale usiku mmoja. Wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni hukosa bwawa la Wolji usiku, tena hufika pango la Seokguram wakiwa mbio.

Kwanza usafiri. Kutoka Seoul, treni ya mwendo kasi, KTX, huchukua kama saa mbili, na nauli ni karibu won 50,000. Stesheni ya KTX ilikuwa ikiitwa Singyeongju. Tangu mwishoni mwa 2023 inaitwa Gyeongju tu, na stesheni ya zamani iliyokuwa katikati ya mji ilifungwa mwishoni mwa 2021. Ukisoma mwongozo wa zamani unaokwambia utembee kwa miguu kutoka stesheni hadi sokoni, ujue unazungumzia ile iliyofungwa. Hii ya sasa iko nje ya mji, na utahitaji basi au teksi. Anayetoka Busan ni afadhali apande basi kwenye stendi ya Nopo, mwisho wa njia ya kwanza ya treni za mjini: ni safari ya kama saa moja, na basi linakushusha mahali unapoweza kutembea hadi makaburini. KTX kutoka Busan ni ya haraka, lakini muda uliookoa unauacha kwenye foleni ya basi la mjini.

Nunua T-money, kadi ya kulipia nauli, kwenye duka lolote la saa 24, na uijaze kwa noti, maana kwa kawaida kadi ya benki haikubaliwi kujazia. Kwenye basi unaigusisha unapopanda na tena unaposhuka. Usipoigusisha wakati wa kushuka, utalipa upya ukibadilisha basi. Kwa ramani tumia Naver Map au KakaoMap, ndizo zinazotumiwa na wenyeji. Kumbuka pia kwamba bwawa la Wolji bado linaitwa Anapji na watu wengi, madereva wa teksi wakiwemo.

Makumbusho ya Taifa ya Gyeongju hayana kiingilio kwa maonyesho ya kudumu, na hufunguliwa saa 4 asubuhi. Nenda kwanza kwenye jengo la historia ya Silla, utafute mataji ya dhahabu. Simama karibu na kioo. Taji limekatwa kwenye bati la dhahabu jembamba sana: mbele na kandoni kuna nguzo tatu zenye umbo la mti wenye matawi ya pembe mraba, nyuma kuna mbili zenye umbo la pembe za kulungu, na kila mahali vimening'inizwa kwa nyaya visahani vidogo vya dhahabu na vipande vya jiwe la kijani la jade vilivyopinda kama mkia wa kiluwiluwi. Mtu akitembea nalo, kila kitu kingetikisika. Wembamba huo ndio unaowafanya baadhi ya wataalamu waseme kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya mazishi, si la kuvaliwa kila siku barazani.

Nje, chini ya paa la wazi, imetundikwa kengele ya mfalme Seongdeok iliyokamilishwa mwaka 771. Ina uzito wa tani 18.9. Watu watakusimulia hadithi ya mtoto aliyetupwa ndani ya shaba iliyoyeyushwa ili kengele ipate sauti. Hadithi hiyo ni maarufu kuliko kengele yenyewe. Kengele haina ulimi ndani, iligongwa kwa gogo kutoka nje, kwenye duara la ua la yungiyungi unaloliona ubavuni. Siku hizi haigongwi ovyo, kwa kuhofia nyufa, na unachosikia uwanjani ni sauti iliyorekodiwa. Isikilize hadi mwisho: mvumo unafifia, unarudi, unafifia tena. Mwili wa kengele hauna unene sawa pande zote, kwa hiyo hutoa sauti mbili zinazokaribiana sana, nazo zikikutana hupandishana na kushushana.

Usitoke kabla ya jengo la Wolji. Bwawa lile lilipochimbwa mwaka 1975 na 1976 vilitoka vitu zaidi ya 30,000, vingi vikiwa vya matumizi ya kila siku: bakuli, mikasi ya kukatia tambi za mishumaa, vigae. Kuna dadu ya mbao yenye pande 14, na kila upande umeandikwa amri ya mlevi: kunywa vikombe vitatu kwa mkupuo, cheza bila muziki. Unayoiona ni nakala. Ile ya asili iliungua ndani ya mashine ya kuikaushia muda mfupi baada ya kugunduliwa.

Sasa ndiyo unaweza kwenda makaburini na kuelewa. Daereungwon ni bustani yenye vilima 23, na tangu Mei 2023 kuingia ni bure. Kiingilio cha won 3,000 kimebaki kwa kaburi moja tu unaloweza kuingia ndani, Cheonmachong. Lilichimbwa mwaka 1973 na kutoa vitu zaidi ya 11,000, pamoja na kikinga tope cha gome la mbetula, cha kuning'inia chini ya tandiko, chenye mchoro wa farasi mweupe anayepaa. Ukiwa ndani, acha sanduku la kioo kwanza, tazama ukuta. Utaona jinsi kaburi lilivyojengwa: chumba cha mbao, juu yake rundo kubwa la mawe ya mtoni, kisha udongo, kisha nyasi. Mbao zikioza, mawe huporomoka na kujaza chumba. Mwizi hawezi kuchimba njia, kwa sababu kila jiwe analotoa huleta mengine. Ndiyo maana dhahabu ya Silla imetufikia, huku makaburi mengi ya majirani zao wa Baekje na Goguryeo, yenye vyumba vya mawe na mlango, yalikombwa zamani. Kupanda juu ya vilima hivi ni kosa kisheria, hata pale pasipo na uzio.

Mnara wa kutazamia nyota wa Cheomseongdae uko umbali wa dakika kumi hivi kwa miguu. Ni wa karne ya 7, enzi za malkia Seondeok, una urefu wa mita tisa na kidogo, na hautachukua zaidi ya robo saa. Dirisha moja linatazama kusini. Chini ya dirisha ndani kumejaa udongo, na ujazo huo unatajwa kuwa sababu mojawapo ya mnara kustahimili hata tetemeko la ukubwa wa 5.8 la Septemba 2016.

Wolji uiache hadi giza liingie. Kiingilio ni won 3,000. Lango hufungwa saa 4 usiku na tiketi ya mwisho hutolewa nusu saa kabla. Ukifika dakika 20 kabla ya jua kuzama utapata anga la buluu na taa kwa pamoja. Umati husimama karibu na lango, upande wa majumba. Wapite, zunguka hadi ukingo wa mashariki, kwa sababu majumba matatu yaliyojengwa upya yako magharibi na ni kutoka ng'ambo tu ndipo utaona vivuli vyake majini. Ukizunguka utagundua pia hila ya waliolibuni mwaka 674: ukingo wa magharibi umenyooka na una kona, wa mashariki umepindapinda, na hakuna mahali unapoweza kuliona bwawa lote kwa mara moja.

Siku ya pili ni ya mlimani, na anza na pango kabla ya hekalu. Panda basi namba 11 hadi hekalu la Bulguksa. Namba 10 nalo hufika, ila huzunguka kwanza kupitia ziwa la Bomun, ambalo ni la mahoteli na unaweza kulipita bila majuto. Pale Bulguksa subiri basi namba 12 linalopanda Seokguram. Hapa ndipo ratiba za watu huharibika: basi hilo huja kama mara moja kwa saa, likikuponyoka asubuhi yote imekwenda. Soma ratiba iliyobandikwa kituoni kabla ya kwenda kununua kahawa. Kurudi, shuka kwa miguu kwa njia ya msituni hadi hekaluni, muda usiozidi saa moja. Mvua ikinyesha usishuke, ngazi zinateleza.

Seokguram huwasikitisha wengi kwa sababu ya kioo. Buddha wa itale, mwenye urefu wa mita tatu na nusu hivi, anaonekana kwa mbali, kupiga picha ni marufuku, na mstari wa watu unakusukuma. Sababu ya kioo ni unyevu. Kati ya 1913 na 1915 Wajapani walilifumua pango na kulijenga upya kwa saruji nzito, likashindwa kupumua. Wengi wanaeleza kwamba hapo awali maji ya chemchemi yalipita chini ya sakafu na kuipoza, hivyo umande ulitua sakafuni badala ya kwenye sanamu. Yalipoelekezwa kwingine, kuta zikaanza kutoa jasho na kuota kuvu. Ukarabati wa miaka ya 1960 uliongeza kuba la pili na chumba cha mbao cha mbele, na tangu hapo mitambo ndiyo inayokausha hewa. Nenda siku ya kazi, lango likifunguliwa tu.

Bulguksa, iliyoanza kujengwa mwaka 751 na kuchomwa moto mwaka 1593, haina kiingilio tangu 2023. Majengo ya mbao ni mapya kiasi; mawe ndiyo ya Silla. Chini ya ukuta wa mbele inama uangalie mawe yanapokutana: jiwe la juu limechongwa upande wake wa chini lifuate kila bonde na kila nundu ya mwamba usiochongwa. Ngazi kuu za mawe hazipandwi, unaingia kwa pembeni. Uani kuna pagoda mbili. Ile yenye madoido, Dabotap, ndiyo iliyo kwenye sarafu ya won 10. Ukiingia ukumbi wowote wa ibada, vua viatu na utumie mlango wa ubavuni. Wa katikati ni wa watawa.

Chakula: maarufu hapa ni ssambap, wali wa kufunga kwenye majani pamoja na vitoweo vingi. Nyama yake mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aulize "dwaeji-gogi" kabla ya kuagiza, au achague samaki wa kuchoma.

Mapema Aprili, maua ya micheri yakichanua, barabara ya Bomun husimama kabisa. Mwishoni mwa Juni hadi Julai ni mvua. Oktoba ndio mwezi ninaoupendekeza, lakini angalia tarehe ya Chuseok, sikukuu ya mavuno: siku hizo tiketi za treni huisha mapema na makumbusho hufungwa siku yenyewe, kama inavyokuwa kwa Seollal (mwaka mpya wa kalenda ya mwezi) na Januari 1.

Ukiwa na nusu siku ya ziada, kijiji cha kale cha Yangdong kinafaa. Mabasi mengi ya upande huo yanakushusha barabara kuu na kukuacha na mwendo wa zaidi ya kilomita moja. Namba 203 ndilo linaloingia hadi kijijini. Watu bado wanaishi humo, hivyo lango lililofungwa usilisukume.